Earle Seaton: Wakili wa Wameru, Jaji wa Nchi Nne

Barabara itokayo Arusha kwenda Namanga huuzunguka Mlima Meru kwa upande wa magharibi na kupita Oldonyo Sambu. Kuanzia hapo hadi Ngare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, utawala wa Wajerumani uligawa mashamba kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Mashamba hayo, pamoja na yale ya miteremko ya kusini, yaliwabana Wameru na Waarusha mlimani. Mgogoro uliozuka juu ya ardhi hiyo ndio uliompatia umaarufu Earle Seaton, mwanasheria ambaye baadaye alikalia kiti cha ujaji katika nchi nne. Hata hivyo, kesi iliyompa jina hakuishinda, na maisha yake ya kisheria hayaeleweki vyema pasipo kuanzia kwenye kushindwa huko.

Seaton alizaliwa mwaka 1924 katika kisiwa cha Bermuda, koloni la Mwingereza ambamo watu weusi walitengwa shuleni na katika ajira. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Howard, Marekani, kisha akasomea sheria London. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa Tanganyika, akifanya kazi ya uwakili mjini Moshi. Wakati huo mawakili weusi nchini walikuwa wachache mno.

Chimbuko la kesi ya Wameru lilikuwa ripoti ya jaji. Mwaka 1947 Jaji Mark Wilson, aliyeteuliwa kuchunguza tatizo la ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi, alipendekeza baadhi ya mashamba yarudishwe kwa Waafrika, na maeneo mengine yaunganishwe kuwa eneo moja la wafugaji wa Kizungu. Ngare Nanyuki iliangukia upande wa Wazungu. Wameru walikataa kuhamia Kingori, na fidia wakaikataa pia. Novemba 1951 serikali ilianza kuwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa moto na mifugo ikaswagwa.

Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, wananchi walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Wameru walichanga fedha, wakamchagua Kirilo Japhet kuwa msemaji wao, na Seaton akawa wakili wao. Mwaka 1952 shauri lilisikilizwa na Baraza la Udhamini mjini New York, na baadaye likafikishwa mbele ya Baraza Kuu. Kamati ya Nne iliunga mkono ardhi irudishwe, lakini katika kikao cha Baraza Kuu azimio hilo halikupata theluthi mbili ya kura. Uingereza haikulazimika kufanya lolote. Hapo ilidhihirika kwamba mlalamikaji anaweza kusikilizwa na dunia nzima pasiwepo chombo chenye mamlaka ya kutekeleza haki yake. Hata hivyo, Kirilo aliporejea alizunguka nchini akiieleza kesi hiyo, na hivyo suala la Wameru likawa suala la Watanganyika katika miaka iliyotangulia kuundwa kwa TANU mwaka 1954.

Baada ya uhuru, Seaton aliitumikia dola mpya katika mambo ya sheria za kimataifa. Swali lililoikabili dola hiyo lilifanana na lile la Ngare Nanyuki: je, watu wafungwe na mikataba ambayo hawakushirikishwa kuifanya? Kitabu alichokiandika pamoja na Sosthenes Maliti kuhusu mikataba ya Tanzania kilichapishwa mwaka 1973. Kabla ya hapo alikuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania.

Mwaka 1972 Seaton alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Bermuda, katika kisiwa kilekile alichozaliwa. Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Seychelles. Huko, mwaka 1982, alisikiliza kesi ya mamluki walioivamia nchi hiyo Novemba 1981, na wanne kati yao wakahukumiwa kifo. Adhabu hiyo haikutekelezwa: mwaka 1983 walisamehewa na kuachiwa. Wakili aliyewahi kuishiwa na nguvu mbele ya dola sasa alikuwa na nguvu ya dola mkononi, na neno la mwisho likabaki kwa wanasiasa. Hatimaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Uganda. Alifariki mwaka 1992.

Kumtathmini Seaton kama mkombozi wa Wameru kungekuwa kuwapunja Wameru wenyewe, waliochanga fedha, waliopoteza nyumba na waliomtuma Kirilo. Yeye mwenyewe hakujitwalia sifa hiyo. Kitabu kuhusu kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967, kina majina ya waandishi wawili, mlalamikaji na wakili wake. Ardhi ya Ngare Nanyuki, ambayo kura za New York zilishindwa kuirudisha, hatimaye ilirudi mikononi mwa Wameru.