Florence Nightingale: Muuguzi Aliyeokoa Maisha kwa Takwimu

Kila ifikapo Mei 12, dunia huadhimisha Siku ya Wauguzi. Hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820, katika mji wa Florence nchini Italia, kwa wazazi Waingereza wenye uwezo. Wengi humkumbuka kwa taa aliyoibeba usiku akipita kati ya vitanda vya majeruhi. Ni wachache wanaokumbuka kuwa silaha yake kubwa ilikuwa takwimu, na kwamba alipotaka wakubwa wazielewe, alizichora katika duara.

Tangu utotoni alipenda hisabati. Familia yake ilipinga azma yake ya kuwa muuguzi, kazi iliyodharauliwa wakati huo, lakini hakurudi nyuma. Novemba 1854, Uingereza ikipigana na Urusi katika Vita vya Crimea, aliwasili na wauguzi 38 katika hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Alikuta wodi zimefurika, mifereji ya maji machafu imeziba na kumbukumbu za vifo hazina mpangilio. Machi 1855, tume ya usafi iliyotumwa na Serikali ilizibua mifereji na kuboresha hewa ya wodi. Vifo vikapungua sana.

Aliporejea nyumbani mwaka 1856, alizichambua hesabu hizo akisaidiwa na William Farr, mtaalamu wa takwimu za Serikali. Januari 1855 pekee, wanajeshi 2,761 walikufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika, 324 kwa sababu nyingine, na 83 tu kwa majeraha. Katika grafu ya duara ya kawaida yenye nyuzi 360, maradhi hayo yangechukua takribani nyuzi 314, sababu nyingine 37, na majeraha 9. Adui mkubwa wa askari alikuwa uchafu.

Grafu ya duara ilibuniwa na Mskoti William Playfair, aliyeitumia mwaka 1801 kuonesha mgawanyo wa ardhi ya Dola ya Uturuki katika Asia, Ulaya na Afrika. Nightingale alibuni mchoro wa jamii hiyo. Duara lake lilikuwa na vipande 12 vya pembe sawa, kila kimoja kikiwa mwezi mmoja. Kadiri vifo vilivyozidi, ndivyo kipande kilivyopanuka kutoka katikati. Buluu ilisimamia maradhi yanayozuilika, nyekundu majeraha, nyeusi sababu nyingine. Mwaka wa kwanza wa vita na wa pili viliwekwa kando kwa kando, hata asiyesoma majedwali akaona buluu ikisinyaa baada ya usafi.

Mchoro huo ulichapishwa mwaka 1858 na kusambazwa kwa viongozi. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuingia katika Chama cha Takwimu cha London. Jeshi liliboresha kambi zake na kuanza kutunza takwimu za afya kwa utaratibu. Mwaka 1860 ilifunguliwa shule ya wauguzi yenye jina lake katika Hospitali ya St Thomas', London.

Alifariki dunia Agosti 13, 1910, akiwa na umri wa miaka 90. Kaburi lake, katika kijiji cha East Wellow, halina sifa ndefu: herufi mbili za mwanzo za jina lake, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa.