Frank Weston, askofu wa Zanzibar aliyetembea na wapagazi na kupinga kazi ya kulazimishwa

Zaidi ya miaka mia moja imepita tangu Frank Weston, askofu wa Kanisa Anglikana la Zanzibar, alipofariki. Alikufa tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na misioni ya Magila, katika inchi iliyoitwa wakati ule Tanganyika na ambayo leo ni sehemu ya Tanzania. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Huko Ulaya watu wanamkumbuka zaidi kwa mabishano ya kidini. Lakini kwa wakaaji wa upande huu wa ziwa, toka Kalemie hadi Piana-Mwanga, kuna sababu nyingine ya kumjua. Weston ni mmoja wa maaskofu wachache wa wakati wa ukoloni waliosema wazi kwamba serikali ya inchi yao wenyewe haina haki ya kumlazimisha Mwafrika kufanya kazi kwa faida ya mzungu.

Toka London hadi Zanzibar

Weston alizaliwa London tarehe 13 Septemba 1871. Alisoma teolojia kwenye chuo kikuu cha Oxford na kumaliza mwaka 1893 kwa daraja la kwanza. Kwa matokeo kama hayo angeweza kutafuta kazi ya ualimu wa chuo kikuu. Yeye alichagua kwenda Stratford, mashariki mwa London, kwenye mitaa ya wafanyakazi maskini.

Mwaka 1898 alifika Zanzibar pamoja na misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa herufi UMCA. Misioni hiyo ilianzishwa baada ya mwito wa David Livingstone, yule msafiri aliyekaa Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Kanisa lake kubwa la Mkunazini lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Wengi kati ya watu waliouzwa katika biashara hiyo walitoka Manyema na pande nyingine za mashariki ya Kongo. Walivushwa ziwa, wakapitishwa Ujiji na Tabora kwa miguu mpaka pwani ya Bagamoyo.

Kazi ya kwanza ya Weston ilikuwa kufundisha. Tangu mwaka 1901 aliongoza chuo cha Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Chuo hicho kilianza kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha kikawa mahali pa kutayarisha walimu na watumishi wa Kanisa. Alijifunza Kiswahili mpaka akafundisha na kuhubiri kwa lugha hiyo. Alitaka Kanisa la Afrika liwe na mapadri Waafrika waliosoma vizuri, si wasaidizi wa wazungu tu. Wakati huo huo aliandika kitabu juu ya Yesu Kristo, kilichotoka mwaka 1907 na kusomwa na wataalamu wa teolojia Uingereza.

Askofu mwenye miaka 37

Askofu John Hine alipojiuzulu mwaka 1908, Weston alichaguliwa kuchukua nafasi yake. Aliwekwa wakfu London tarehe 18 Oktoba mwaka huo. Jimbo lake lilikuwa kubwa na gumu. Lilishika visiwa vya Unguja na Pemba chini ya Waingereza. Ng'ambo ya bahari, kwenye inchi iliyotawaliwa na Wajerumani, lilikuwa na misioni za Bonde na Usambara upande wa kaskazini, na Masasi upande wa kusini. Kutembelea parokia hizo kulimaanisha safari ndefu za miguu, kijiji kwa kijiji.

Mwaka 1911 alianzisha shirika la masista kwa ajili ya elimu na wagonjwa, ambalo makao yake yalikuwa Magila. Aliishi maisha ya kujinyima. Lakini hakuwa mtu mpole katika mambo ya nidhamu: aliamini kwamba mkristo aliyetenda dhambi mbele ya watu anapaswa kutubu mbele ya watu.

Ukali huo ulimfikisha kwenye mabishano makubwa. Mwezi wa 6 mwaka 1913, wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, ili kutafuta namna ya kushirikiana. Mwisho wa mkutano, askofu wa Mombasa, William Peel, aliongoza ibada ya Meza ya Bwana ambamo watu wa makanisa mengine ya Kiprotestanti walishiriki. Weston alishtaki maaskofu wawili, Peel wa Mombasa na Willis wa Uganda, kwa askofu mkuu wa Canterbury. Alisema wamevunja imani ya Kanisa, akaomba wahukumiwe.

Jambo hili linagusa pia Waanglikana wa Kongo. Kanisa lao lilifika Boga, Ituri, mwaka 1896 kupitia Apolo Kivebulaya, aliyetoka Uganda. Lilikuwa chini ya askofu wa Uganda, kwa hiyo mizizi yake iko upande ule Weston aliopigana nao. Kwa Weston, askofu na sakramenti ni nguzo za Kanisa, na mtu hawezi kuziacha ili kupata umoja wa haraka. Wengine waliona kwamba katika inchi yenye wakristo wachache, ugomvi wa Ulaya usingepaswa kuletwa Afrika. Askofu mkuu hakuwapeleka washtakiwa mahakamani. Alitoa jibu la katikati mwaka 1915, na wakati huo vita vilikuwa vimefunika kila kitu.

Vita vya wapagazi

Mwaka 1914 Wajerumani na Waingereza walianza kupigana Afrika ya Mashariki. Jimbo la Weston likagawanyika: yeye alikuwa Zanzibar kwa Waingereza, na wakristo wake wa bara walikuwa mikononi mwa Wajerumani. Wamisionari Waingereza walifungwa kambini. Walimu na mapadri Waafrika walitendewa vibaya zaidi. Walishukiwa kuwa wapelelezi, wakafungwa minyororo na kupigwa, na wengine walikufa.

Hapa historia ya Weston inakutana na yetu. Askari wa Force Publique walishika Kigoma mwezi wa 7 mwaka 1916. Tarehe 19 Septemba, majeshi ya Kongo yaliingia Tabora. Kati ya wafungwa waliofunguliwa mjini humo walikuwemo wamisionari wa UMCA. Basi wale waliofungua mlango wa gereza walikuwa wana wa Kongo. Nyuma yao kulikuwa na wapagazi zaidi ya 200,000, waliobeba chakula na risasi kwa kichwa na kwa mabega. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Upande wa Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo. Barabara za gari zilikuwa chache, na nzi wa ndorobo aliua farasi na ng'ombe. Mzigo wote uliangukia binadamu. Waingereza walitumia mamia ya maelfu ya wapagazi, na zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam unachukua jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Mwaka 1916 jeshi lilipotaka wapagazi kutoka Zanzibar, watu waliogopa. Weston alijitolea kuwakusanya na kwenda pamoja nao. Alipewa cheo cha meja, akaongoza Kikosi cha Wapagazi cha Zanzibar kwenye njia za pwani, akitembea kwa miguu kama watu wake.

Mtu anaweza kuuliza kama askofu alipaswa kusaidia kazi hiyo hata kidogo. Bila wapagazi, vita visingeendelea. Lakini serikali ingewachukua watu kwa vyovyote. Yeye alichagua wawe na kiongozi anayejua lugha yao na anayejali kama wamekula na wamelala. Kutokana na safari hizo, neno kazi ya kulazimishwa halikuwa tena kwake neno la karatasi. Alikuwa ameona mwili wa mtu unavyochoka chini ya mzigo asiouchagua.

Kuikabili serikali yake

Mwaka 1918 Weston alitoa barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, chini ya jina The Black Slaves of Prussia, yaani Watumwa Weusi wa Prusia. Alieleza mateso ya Waafrika chini ya Wajerumani, akaomba wasirudishiwe koloni. Waingereza walifurahia maneno hayo, kwa sababu yalimshambulia adui.

Furaha haikudumu. Mwezi wa 10 mwaka 1919, serikali ya gavana Edward Northey huko Kenya ilitoa amri juu ya kazi. Maofisa na machifu waliagizwa kuwasukuma watu waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi wazungu, hata wanawake na watoto pale mashamba yalipokuwa karibu. Serikali ilitumia neno kutia moyo. Lakini chifu asiyeleta watu angeandikwa vibaya, na kila mtu alijua maana yake.

Maaskofu wa Mombasa na Uganda, pamoja na mkubwa wa misioni ya Waskoti, waliona hatari hiyo. Walisema kwamba kama shuruti lazima iwepo, afazali iwekwe wazi kwa sheria na kwa mipaka, kuliko kuachwa kwa machifu. Weston alikataa hata hilo. Mwaka 1920 alitoa maandishi mengine, The Serfs of Great Britain, akisema kwa kifupi kwamba Uingereza inawafanya Waafrika kuwa watumwa wa shamba. Neno aliloweka juu ya Wajerumani miaka miwili mbele, sasa aliliweka juu ya wenzake. Alisafiri mpaka Uingereza kupeleka mashtaka hayo.

Hakuwa peke yake. Watu wengine wa misioni, kama vile J. H. Oldham huko London, walipeleka shinikizo serikalini. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa makoloni, aliagiza kwamba maofisa wa serikali wasiendelee kuwatafutia walowezi wafanyakazi. Kazi ya kulazimishwa kwa ajili ya serikali yenyewe haikuisha. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Upande wetu, mambo yalikwenda kinyume. Tangu mwaka 1917 Wabeleji waliweka kwa sheria kilimo cha kulazimishwa, pamba na mazao mengine, na raia wa Kongo walibeba mzigo huo kwa miaka mingi.

Siku za mwisho

Wakati huo Weston alikuwa amejulikana sana Uingereza. Kwenye mkutano wa maaskofu wote Waanglikana wa mwaka 1920, yeye aliyepinga umoja wa Kikuyu alisaidia kutayarisha mwito wa umoja kwa wakristo wote. Mwaka 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Waanglikana wenye kufuata desturi za kikatoliki, katika ukumbi wa Albert, London. Salamu alizomtumia Papa kwa telegramu ziliwakasirisha Waprotestanti wengi.

Lakini hotuba yake ya mwisho ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu. Aliwaambia watu waliopenda sana ibada nzuri kwamba haifai kumwabudu Yesu katika tabernakulo, na wakati huo huo kumdharau katika mwili wa maskini wa mitaani. Aliwatuma watoke kanisani wakamtafute Yesu kwa wenye njaa, wasio na nguo na wanaonyonywa kazini.

Alirudi Afrika na kuendelea na safari zake. Mwaka uliofuata alipata jipu ambalo lilitia sumu katika damu yake, naye akafariki Hegongo. Alizikwa Magila, kati ya watu wa Bonde aliowatembelea kwa miguu.

Hatuwezi kumfanya Weston kuwa mpinga ukoloni wa namna ya miaka ya 1960. Hakuomba uhuru wa inchi hizi, na aliongoza Kanisa kwa mkono mgumu. Lakini alifanya jambo ambalo ni gumu kwa kila kiongozi, wa dini ao wa siasa: kipimo alichotumia kwa adui, alikitumia pia kwa watu wake. Kushutumu watesaji wa upande mwingine ni rahisi, kila mtu anakupigia makofi. Kazi inaanza pale mtesaji anapokuwa ndugu, mshirika ao serikali yako.

Tukumbushe kwamba mashariki mwa Kongo, mpaka leo, kuna raia wanaokamatwa njiani na watu wenye silaha na kulazimishwa kubeba mizigo. Kila upande unasema kwamba ni upande mwingine unaofanya hivyo.