John Boyd Dunlop na gurudumu la upepo

Wengi wetu tunajua jina Dunlop kwa sababu limeandikwa ubavuni mwa tairi, nasi tunadhani ni jina la kiwanda tu. Kumbe alikuwa mtu, tena hakuwa fundi wa motokari hata kidogo. Alikuwa mganga wa farasi na ng'ombe.

Kwa watu wanaopenda motokari za zamani jina hilo ni sawa dhahabu. Jaguar E-Type ilipotoka mwaka 1961 ilikuwa na magurudumu ya njiti za chuma yaliyotengenezwa na kampuni ya Dunlop, njiti 72 kwa kila moja. Anayetafuta gurudumu la asili anahesabu njiti, anapima ringi, anatazama kama meno ya ndani ya kitovu hayajaliwa, halafu anatafuta jina lililogongwa kwenye chuma. Yale ya kuigwa ni mengi, nayo yanang'aa kuliko ya kweli! Gurudumu la namna hii lina tabia moja inayofanana na ya kinga zetu zinazopanda mawe ya hapa Muhumba: kila njiti inapita katika tundu la ringi, na upepo ungetorokea hapo. Kwa hiyo lazima uwekwe mpira wa ndani. Na mpira huo ndio habari ya huyu mzee.

Alizaliwa tarehe 5 Februari 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Scotland, nyumbani kwa mkulima. Alisoma uganga wa mifugo mjini Edinburgh, akapata diploma akiwa na miaka 19 tu (sisi wa mwaka wa sita tuhesabu yetu). Mwaka 1867 akahamia Ireland, na baadaye akafanya kazi mjini Belfast.

Siku zile kinga zilikuwa na mpira mgumu, au chuma kitupu. Mtoto wake alikuwa na kinga ya magurudumu matatu, na barabara za mawe zilimtikisa vibaya. Mwaka 1887 baba akachukua mpira mwembamba, akaukunja kama bomba, akaufunika na kitambaa, akaupigilia kwenye duara la mbao na kuujaza upepo kwa pampu ya kandanda. Halafu akafanya jaribio ambalo sisi tunalipenda kuliko yote, juu halikuhitaji maabara. Akavingirisha gurudumu la zamani uani, likaanguka njiani. Akavingirisha lile la upepo, likavuka uwanja mzima na kugonga nguzo ya mlango. Basi, jibu likawa limepatikana.

Mwaka 1888 alipata hati ya uvumbuzi. Mwaka 1889 mwendesha kinga William Hume alipanda tairi hizo katika mashindano ya Belfast. Watu walimcheka wakiona magurudumu manene, naye akawashinda wote. Mfanyabiashara Harvey du Cros, ambaye wana wake walikuwa kati ya walioshindwa, hakukasirika. Alianzisha kampuni mjini Dublin pamoja na Dunlop. Kisha mwaka 1890 likaja pigo: ilionekana kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuandikisha wazo lile lile tangu 1845. Hati ya Dunlop ikabatilishwa. Mwaka 1896 kampuni ikauzwa kwa pauni milioni 3, na haukupita muda ikauzwa tena kwa milioni 5. Mvumbuzi mwenyewe hakupata utajiri mkubwa.

Vitabu vingi vinasimama hapo. Sisi Wakongo hatuwezi kusimama hapo. Kinga zenye upepo, na nyuma yake motokari, zilitaka mpira mwingi, na mpira ulikuwa katika misitu yetu. Nchi ilikuwa mali ya Leopold II tangu 1885. Askari walipeleka watu kukamua mitambaa ya mpira. Kijiji kisichotimiza kipimo kiliuawa, wake walifungwa, mikono ilikatwa ili kuhesabu risasi. Mwaka 1904 kule Baringa, Nsala alileta kwa misionari Alice Seeley Harris mkono na mguu wa binti yake mdogo, na yule mama akapiga picha iliyozunguka dunia. Utawala wa Leopold ulikwisha mwaka 1908. Na mji wetu wa Bukavu zamani uliitwa Costermansville, kwa jina la mmoja wa wakubwa wa serikali ile ile.

Tulibishana sana darasani: je, Dunlop ana hatia? Wengine walisema ndiyo. Sisi tunaona hapana, alimfanyia mtoto wake kazi. Hatia ni ya waliopanga vipimo na waliokula faida. Lakini watoto wawili hawa, wa Belfast na wa Baringa, wako katika habari moja, na hatuoni namna ya kumwandika mmoja bila mwingine.

Uzeeni Dunlop aliishi Dublin. Kampuni ilitangaza tairi kwa picha zake, ndevu zake ndefu zikiwekwa juu ya mwili wa bwana mmoja wa kofia ndefu na fimbo, mtindo asiouvaa kamwe. Akaipeleka mahakamani. Alikufa tarehe 23 Oktoba 1921, na jina lake likabaki kwenye tairi.