Njia Ndefu ya Kurudi Nyumbani: Maisha ya Gary Cooper

Mume akiondoka nyumbani na kumfuata mwanamke mwingine, mke wake hakosi washauri. Wengine humwambia afunge mlango na asimfungulie tena kamwe. Wengine humwambia anyamaze tu, ajifanye haoni wala hasikii, kwa maana wanaume ndivyo walivyo. Leo tuyatazame maisha ya mtu mmoja ambaye mke wake hakuufuata ushauri wowote kati ya hiyo miwili. Mtu huyo ni Gary Cooper, mwigizaji mashuhuri wa sinema wa Marekani aliyefariki mwaka 1961.

Kijana wa Montana

Alizaliwa tarehe 7 Mei 1901 mjini Helena, katika jimbo la Montana. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Uingereza, nao walimpa jina la Frank James. Baba yake, Charles, alikuwa mwanasheria mwenye shamba la ng'ombe, na baadaye akawa jaji katika mahakama ya juu ya jimbo hilo. Alipokuwa na umri wa miaka 15, Frank aliumia nyonga katika ajali ya gari. Alishauriwa kupanda farasi kama tiba. Tiba hiyo haikumponya kabisa, lakini ilimpa ujuzi uliokuja kumlisha maisha yake yote.

Yeye mwenyewe alitaka kuwa mchoraji. Mwaka 1924 aliwafuata wazazi wake Los Angeles, akakosa kazi ya kuchora. Marafiki wa kutoka Montana wakamwonyesha kazi nyingine: kupanda farasi na kuanguka mbele ya kamera kwa dola 5 kwa siku. Mama mmoja aliyekuwa wakala wake alimwambia abadili jina, akampa jina Gary kutokana na mji wa Gary, Indiana, alikotoka mama huyo.

Mwaka 1926 alipata nafasi ya kwanza iliyomfanya atambulikane, katika sinema The Winning of Barbara Worth. Mwaka 1929 alicheza katika The Virginian, mojawapo ya sinema zake za kwanza zenye sauti. Watu walimpenda kwa sababu hakuonekana kama anaigiza. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye maneno machache.

Lakini sifa zina gharama. Alifanyishwa kazi mfululizo, sinema juu ya sinema, hata mwaka 1931 mwili wake ukachoka na kuugua. Alikimbilia Ulaya, akakaa Italia na tajiri mmoja wa Kimarekani aliyekuwa mke wa mtu. Ndipo mwaka 1932 akafika hadi hapa Kenya, akawinda kwa wiki kadhaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Huyo ndiye Gary Cooper wa wakati huo: kijana mwenye fedha, mwenye sura nzuri, aliyezoea kupata kila alichokitamani.

Ndoa na mafanikio

Mwaka 1933 alikutana na Veronica Balfe, msichana wa New York ambaye jamaa na marafiki walimwita Rocky. Rocky alikuwa Mkatoliki na alikuwa amejaribu uigizaji kidogo. Walifunga ndoa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Bwana arusi alikuwa na miaka 32, bibi arusi miaka 20. Rocky aliacha uigizaji akawa mke na mwenye nyumba. Tarehe 15 Septemba 1937 alizaliwa mtoto wao wa pekee, Maria.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya neema. Mwaka 1939 serikali ya Marekani ilipotoa orodha ya mapato, ilionekana kwamba Gary Cooper ndiye aliyelipwa mshahara mkubwa kuliko wote nchini, dola 482,819. Kwa sinema ya Sergeant York ya mwaka 1941, aliyocheza kama askari mcha Mungu, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume.

Nyumbani, mpenzi msomaji, mambo hayakuwa safi hivyo. Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba hakuwa mwaminifu kwa mke wake. Rocky alijua mengi, akavumilia. Lakini kidonda kinachofunikwa bila kuoshwa hakiponi. Huoza chini kwa chini.

Nyumba inapasuka

Mwaka 1948, wakati wa kutengeneza sinema The Fountainhead, alikutana na mwigizaji Patricia Neal. Gary alikuwa na miaka 47, Patricia miaka 22. Safari hii haukuwa mchezo wa kupita. Walipendana kweli, na jambo hilo likajulikana. Maria, ambaye bado alikuwa mtoto, alimwona siku moja Patricia akatema mate chini mbele yake. Hebu tufikirie uchungu uliokuwa ndani ya moyo wa mtoto huyo!

Mwaka 1950 Patricia alipata mimba ya Gary, nao wakakubaliana itolewe. Patricia aliandika miaka mingi baadaye kwamba alilijutia jambo hilo maisha yake yote. Tazameni jinsi dhambi moja isivyokaa peke yake. Mke aliumia, binti aliumia, mwanamke yule wa pembeni aliumia, na mtoto hakuzaliwa.

Mwezi Mei 1951 Gary na Rocky walitengana kisheria. Ni katika mwaka huohuo Gary alipotengeneza sinema iliyompa sifa kuu, High Noon. Anacheza kama mkuu wa usalama wa mji mdogo ambaye, siku ya harusi yake, anasikia kwamba wauaji wanakuja. Kila mtu anamwacha, lakini yeye anakataa kukimbia. Dunia nzima ilisifu uso wake uliojaa maumivu. Maumivu yenyewe yalikuwa ya kweli: alikuwa na vidonda vya tumbo, na nyonga ilimsumbua. Sinema ilimpa Oscar ya pili. Kwenye kitambaa cheupe alikuwa mtu asiyekimbia. Katika maisha yake, alikuwa ameikimbia nyumba yake. Mwishoni mwa mwaka 1951 Patricia naye alivunja uhusiano, na Gary akabaki na sifa zake tu.

Mke aliyefanya njia ya tatu

Rocky hakujifanya haoni. Walitengana mbele ya sheria, jambo lililomwonyesha mume wazi kwamba nyumba haina nafasi ya wanawake wawili. Lakini pia hakumaliza ndoa kwa talaka. Na jambo kubwa zaidi: hakumfanya mtoto silaha. Maria alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba wazazi wake hawakusemana vibaya mbele yake, na wakati wote wa utengano aliendelea kumwona baba yake. Kwa hiyo Gary alipoanza kutazama nyuma, alikuta kuna mahali pa kurudi.

Mwezi Juni 1953 walisafiri Ulaya wote watatu, wakapokewa Roma na Baba Mtakatifu Pius XII. Gary alikuwa amebeba rozari na medali nyingi za marafiki ili zibarikiwe. Alipopiga magoti, mgongo na nyonga vikamshinda, zikamwanguka na kutawanyika sakafuni, naye akahangaika kuziokota. Mtu mkubwa wa Hollywood alikuwa chini kama mtoto. Labda hapo ndipo alipoanza kupona.

Mwaka 1954 alirudi nyumbani rasmi. Tusidanganyane kwamba alirudi akiwa malaika. Waandishi wanasema aliteleza tena baada ya hapo. Toba ya mtu mzima mara nyingi ni safari, si siku moja. Lakini alianza kwenda na mke na binti yake kanisani, bila kusukumwa. Rocky alimkaribisha nyumbani padre mmoja, Padre Harold Ford, naye akamzoea Gary kwa kuzungumza naye habari za bunduki, uwindaji na kuvua samaki. Mazungumzo mazito yalikuja baadaye, yenyewe. Tarehe 9 Aprili 1959 Gary Cooper alipokewa katika Kanisa Katoliki, katika parokia ya Mchungaji Mwema, Beverly Hills. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu arusi yao.

Mwisho mwema

Mwaka 1960 alifanyiwa upasuaji mara mbili kwa ajili ya saratani. Mwezi Desemba daktari alimwambia Rocky kwamba ugonjwa umeenea na hauna tiba. Gary mwenyewe aliambiwa mwezi Februari 1961, akapokea habari hiyo kwa utulivu. Mwezi Aprili alipewa Oscar ya heshima, lakini hakuweza kutoka kitandani. Rafiki yake James Stewart aliipokea kwa niaba yake huku akilia, na hapo watu wakajua hali yake. Alipokea sakramenti za mwisho, akafariki tarehe 13 Mei 1961, siku 6 baada ya kutimiza miaka 60. Alifia nyumbani kwake, si kwa mwingine.

Hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1965 Patricia Neal alipigwa na kiharusi, na Maria, yule yule aliyetema mate, akamwandikia barua ya kumsamehe. Baadaye alimwelekeza kwa masista Wabenediktini wa abasia ya Regina Laudis, Connecticut, apumzishe roho yake huko. Patricia aliingia Kanisa Katoliki mwaka 2010, miezi michache kabla ya kufa, na amezikwa katika abasia hiyo. Msamaha ambao mama aliupanda nyumbani, binti aliuvuna na kuwagawia wengine.

Tujifunze nini?

Wewe mama uliyeachwa, kusamehe si kukubali kukaa wake wawili. Weka mpaka ulio wazi, na ikiwa kuna kipigo, tafuta usalama wako na wa watoto kwanza. Lakini usiwalishe watoto sumu juu ya baba yao. Nawe baba uliyepotea, usingoje saratani. Sifa za barabarani hazimgeuzi mgonjwa kitandani, na uaminifu uliouvunja kwa siku moja utaujenga kwa miaka.

Jioni hii, mume na mke, kaeni pamoja mjiulize: Je, kuna kidonda tunachokifunika tu? Watoto wetu wanasikia nini tunapomtaja mwenzetu? Na yule aliyepotea akitaka kurudi, ataona taa imewashwa?