Hugh Trowell, munganga aliyeona tansio ikiingia mu miji yetu

Mu Kamalondo, kila avenue iko na historia yake ya tansio. Baba moja alilala muzima, asubuhi mukono na mudomo vikakataa. Mama moja miguu ilianza kuvimba, akasema ni viatu, nyuma ya miezi sita wakamwambia mafigo yamechoka. Pa kilio watu wanauliza ni nani alimutupia kitu. Wengine wanasema ni mawazo mingi, juu mushahara haufiki. Wengine tena wanasema tansio iko mu damu ya jamaa yao, hakuna cha kufanya.

Leo tunaelezea maisha ya munganga moja aliyekufa zamani. Huyu aliona tansio ikiingia mu Afrika ya Mashariki sawa vile mutu anaona mugeni akipita pa mulango. Jina yake ni Hugh Trowell.

Alizaliwa mu 1904, akasomea unganga London, ku lopitalo ya St Thomas'. Mu 1929 serikali ya Waingereza ikamutuma Kenya. Mu 1935 akahamia Kampala, mu Uganda, na kule akakaa zaidi ya miaka 20. Alitunza wagonjwa mu lopitalo ya Mulago na kufundisha unganga vijana Waafrika wa Makerere. Bibi yake, Margaret, alianzisha masomo ya kuchora ku Makerere ile ile. Alianzia pa baraza ya nyumba yao. Hata leo watu wa sanaa wanajua jina ya bibi kuliko ya bwana.

Ule mwaka ya 1929, munganga mwingine Mwingereza, Donnison, aliandika mu gazeti ya wanganga jambo ya kushangaza. Alikuwa anatumika magharibi ya Kenya, mu inchi ya Kavirondo ya Kusini. Alipima watu 1.000, akaona kama damu ya wazee haisukumi kwa nguvu kushinda ya vijana. Nyuma ya miaka 40, badala ya kupanda, ilikuwa inashuka. Kati ya wagonjwa 1.800 walioingia mu lopitalo yake kwa miaka mbili, hakuna hata moja aliyekuwa na tansio ya juu.

Trowell aliyakuta mambo yale yale. Mu miaka yake ya kwanza, malaria, minyoo na njaa ndivyo vilijaza vitanda. Basi wanganga wazungu mingi wakakata neno: tansio ni ugonjwa ya mzungu, Mwafrika haipate. Neno ile ilikuwa na hatari yake. Kama unaamini mutu hawezi kupata ugonjwa, hautamupima, na kama haumupimi, hautaiona.

Mbele ya kuelezea tansio, tuseme kwanza kosa moja ya Trowell, juu ile kosa ilimufunza kazi. Mu Mulago walileta watoto wadogo waliovimba miguu na uso, nywele nyekundu, ngozi inapasuka. Mutu akivimba, munganga anawaza kwanza moyo ao mafigo. Lakini kwa wale watoto, moyo na mafigo havikuwa mwanzo ya shida. Trowell akasema ni ugonjwa ya kukosa vitamini, ile wanaita pelagra, na akaandika vile mu magazeti ya wanganga. Watoto wakapewa dawa yake, lakini haikusaidia, wakaendelea kufa. Akakubali kama alijidanganya. Ilikuwa kwashiorkor, ile ndugu zetu wa Kivu wanaita bwaki, na jina yenyewe ilikuwa imeandikwa na munganga mwanamuke, Cicely Williams, kule Ghana ya leo. Mu 1954 Trowell na wenzake wawili wakatoa kitabu kikubwa juu yake. Alikuwa amejifunza jambo moja: mbele ya kulaumu damu ya mutu ao kabila yake, angalia kwanza sahani yake.

Na sahani ya Kampala ilikuwa inabadilika. Watu waliacha mashamba, wakaja kutafuta kazi. Chumvi, ile munyu yetu, zamani ilikuwa kitu cha bei, cha kupima kwa vidole. Sasa ilijaa mu maduka, pamoja na sukari na mukate mweupe. Kidogo kidogo Trowell akaanza kuona mu Mulago watu wenye moyo umevimba, watu waliopooza, watu wenye mafigo yamekufa, na wakipimwa, tansio iko juu. Kufika miaka ya 1950 ilikuwa ugonjwa ya kawaida. Mu 1956 yeye na mwenzake wakaandika juu ya Mwafrika moja ambaye mishipa ya kulisha moyo iliziba, ugonjwa waliokuwa hawajazoea kuona hata kidogo kwa watu wa kule. Damu ya watu haikubadilika mu miaka 30. Maisha ndiyo yalibadilika.

Ile wakati, wanafunzi wa inchi zingine walikuwa wanatafuta ginsi mwili unapandisha tansio. Mu 1898, kule Sweden, Tigerstedt na Bergman walikuta mu figo kitu kinachopandisha nguvu ya damu, wakakiita renini. Mu 1934, kule Marekani, Goldblatt alibana mushipa unaopeleka damu ku figo ya mbwa, na tansio ya mbwa ikapanda. Nyuma yake mambo yakaeleweka. Figo ikiona damu inafika kidogo, inatoa renini. Renini inafanya kitu kingine kizaliwe mu damu, angiotensini, na hiki kinakaza mishipa. Tena kinatuma habari ku tezi ndogo iliyoko juu ya figo, nayo inatoa homoni ya aldosteroni, ambayo inaambia figo: usitupe chumvi, ichunge. Chumvi ikibakia, maji inabakia pamoja nayo. Mishipa inajaa, moyo unasukuma kwa nguvu.

Kwa mutu anayekula chumvi kidogo, homoni hizi zinamuokoa, juu zinachunga kale kadogo alikonako. Kwa mutu anayekula chumvi mingi kila siku, kazi ya figo ni kuitupa inje. Kuko mafigo yanayoweza, na kuko yanayoshindwa; yakishindwa, tansio inapanda. Kisha tansio yenyewe inaharibu mishipa midogo ya figo, na figo iliyoharibika inapandisha tansio zaidi. Inakuwa sawa mbwa anayefuata mukia yake. Na muda wote ule, mutu hasikii maumivu.

Mu 1959 Trowell alikuwa amemaliza kazi ya Uganda, akarudi Uingereza, akakuwa padri wa Waanglikana mu kijiji karibu na Salisbury. Mu 1960 kitabu chake juu ya magonjwa ya Afrika yasiyoambukiza kikatoka, na mu kile alipanga yote aliyoona, na pia yale ambayo hakuona. Alipomaliza kazi ya parokia alikuwa na miaka zaidi ya 60. Pa kupumzika, akarudilia masomo. Pamoja na Denis Burkitt, munganga mwingine wa Mulago, alifundisha wazungu faida ya vyakula vyenye nyuzi, sawa maharagi, majani na mahindi isiyokobolewa. Mu 1981 walitoa pamoja kitabu juu ya magonjwa yanayofuata maisha ya kizungu. Na Trowell akarudilia neno yake: chumvi. Alikufa mu 1989.

Mu 1990 ushahidi mwingine ukatoka. Wanganga walifuata Waluo wa kando ya Ziwa Victoria waliotoka kijijini kwenda kuishi Nairobi. Mu miezi ya kwanza tu ya muji, tansio yao ilikuwa imepita ya wale waliobakia, na mikojo yao ilionyesha chumvi mingi zaidi. Ilikuwa watu wa sehemu zile zile za magharibi ya Kenya, ambako Donnison alitafuta tansio na kuikosa.

Sasa turudi kwetu. Kamalondo ni commune ya watu wa safari. Wakubwa wetu walitoka vijijini kuja kutumika, na nyuma yao sahani ikabadilika: makayabo, nyama ya mukebe, kube za kutia mu mboga, na juu yake chumvi tena. OMS inasema mutu mukubwa asipite gramu 5 ya chumvi kwa siku, ni kijiko kidogo kimoja, na mule wanahesabu ile iliyojificha mu makayabo na mu mukate.

Si chumvi peke yake. Uzito, pombe na jamaa pia viko na sehemu yao. Lakini makayabo inaweza kulowekwa usiku muzima na kubadilishiwa maji, na kube inaweza kubakia mu duka. Na mashini ya kupima iko mu vituo vya afya. Wakikuambia 14 juu ya 9 ao kupita pale, usingojee miguu ivimbe. Rudi wakupime tena, na wakikupa dawa, usiikate juu unajisikia muzima. Trowell alifika Afrika wakati watu hawakupimwa, juu wakubwa waliamini kama ugonjwa haiko. Siye tunajua kama iko.