Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mwanachuoni wa Mji wa Bandari

Apitaye Shimanzi, baina ya maghala na matangi ya mafuta, huenda akadhani kuwa Mombasa ni njia ya kupitishia shehena tu. Hata hivyo, bandari hupokea pia vitabu, magazeti na hoja. Maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui ni ushahidi wa jambo hilo.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliokuwa umeutawala mji huo hadi mwaka 1837, uliponyang'anywa madaraka na Seyyid Said. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, aliyekuwa mwanachuoni mashuhuri, alifariki mwaka 1894. Yatima huyo alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alisoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, na Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Hivyo basi, elimu yake ilikuwa zao la miji kadhaa ya pwani na visiwa iliyounganishwa na bahari moja.

Bahari hiyohiyo ilimfikishia fikra za Misri. Kupitia jarida la Al-Manar la Rashid Rida, lililochapishwa Kairo, alizifahamu hoja za Muhammad Abduh kuhusu kuipatanisha dini na elimu ya kisasa. Wakati huo Mombasa nayo ilikuwa ikigeuka. Reli iliyoanzia mjini humo ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na biashara kubwa ikahama Bandari ya Kale ya majahazi kuelekea Kilindini. Wageni wa bara na wa ng'ambo waliongezeka, huku wenyeji wengi wakiona nafasi yao ikififia.

Sheikh hakuridhika na kulalamika. Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alihimiza elimu, ikiwemo ya wasichana, akakemea israfu ya harusi na matanga, na kuonya dhidi ya kuwaiga Wazungu katika mavazi na starehe badala ya maarifa. Ukweli huo ulikuwa mchungu, kwani aliowakosoa walikuwa jamaa na majirani zake mwenyewe.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, kuna jambo la kuzingatia zaidi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hati za Kilatini. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, Sheikh alikuwa akijadili siasa, uchumi na malezi kwa lugha ya wenyeji na hati zao za jadi. Kwa hiyo, historia ya usanifishaji haikamiliki bila kuitazama karatasi hiyo ndogo.

Mwaka 1932 aliteuliwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, wadhifa alioushikilia hadi alipofariki mwaka 1947. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944. Aidha, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wa Mazrui, iliyochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, walioendeleza njia yake, nao walikuja kuwa Makadhi Wakuu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui (1933–2014), alipata umaarufu duniani katika taaluma ya siasa.

Kwa kuhitimisha, mwanahistoria, mwanaisimu, mwanasheria na mwanahabari wote wana la kujifunza kwa Sheikh Al-Amin. Mji ulimletea fikra za mbali. Yeye akazipima, kisha akazieleza kwa lugha ya majirani zake. Mji huweza kuwakutanisha watu, lakini mkutano huo hauzai maarifa mpaka apatikane wa kuifanya kazi hiyo.