Edgar Sengier, mtu aliyepeleka uraniamu ya Shinkolobwe Marekani

Tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani aliingia katika ofisi moja mjini New York kutafuta uraniamu. Alitoka hapo baada ya saa moja hivi akiwa na makubaliano mkononi. Mawe aliyoyataka, zaidi ya tani 1,200, yalikuwa tayari mjini humo, katika depo ya Staten Island, ndani ya mapipa ya chuma zaidi ya 2,000. Yalikuwa yametoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mtu aliyeyapeleka alikuwa Mbelgiji Edgar Sengier, mkubwa wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuwa Gécamines.

Sengier alizaliwa Courtrai, Ubelgiji, mwaka 1879. Alisomea uinjinia wa migodi Leuven, akafanya kazi China kwenye mambo ya tramu, kisha akafika Katanga mwaka 1911. Ni mwaka ule ule tanuri la Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, lilipotoa shaba yake ya kwanza. Alipanda vyeo mpaka akawa kiongozi wa kampuni nzima.

Uraniamu ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915, lakini miaka ile hakuna aliyeihitaji sana. Kilichotafutwa ni radiamu iliyo ndani yake. Mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, na gramu moja ya radiamu iliuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, kwa sababu madaktari waliitumia kutibu kansa. Biashara hiyo iliitajirisha Union Minière. Ila hatari yake haikuwa siri. Katika miaka ya 1920, wanawake wa Marekani waliopaka radiamu kwenye saa walianza kuoza taya na kufa. Huko Ulaya ya kati, madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba wachimbaji wa migodi yenye uraniamu wanakufa kwa kansa ya mapafu. Kampuni iliyouza radiamu dunia nzima haikuwa mbali na habari hizo.

Mwaka 1937 mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa na maji yakaujaza. Miaka miwili baadaye, mwezi Mei 1939, Sengier alikutana London na Henry Tizard, mwanasayansi wa serikali ya Uingereza, aliyemwonya kwamba mawe yake yakiangukia mikononi mwa adui yanaweza kuleta maangamizi. Huko Paris, Frédéric Joliot-Curie na wenzake walimweleza namna uraniamu inavyoweza kulipuka. Sengier alisikia. Vita vilipoanza alihamia New York, na mwaka 1940 akaagiza mawe bora yaliyokuwa yamebaki juu ya ardhi yapelekwe Marekani kupitia bandari ya Lobito, Angola. Mawe hayo yalikuwa na uraniamu karibu 65%, wakati mengi ya Marekani hayakufika hata 1%. Alipowajulisha wakubwa wa Washington mwaka 1942, mwanzoni waliuliza zaidi habari za kobalti.

Baada ya Nichols kuja, mambo yalikwenda mbio. Mainjinia wa jeshi la Marekani walisaidia kuutoa maji mgodi wa Shinkolobwe, na mawe yakaanza kuchimbwa upya. Katanga wakati huo haikuwa na amani: Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mshahara, na askari wakawapiga risasi Elisabethville. Huko Shinkolobwe mawe yalichambuliwa kwa mikono. Wenye kuyachambua hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lenye uraniamu hiyo lilianguka Hiroshima.

Wengi wakisikia mionzi hufikiria viwanda vya umeme wa nyuklia vilivyo mbali. Haut-Katanga haina kiwanda cha namna hiyo, lakini mionzi iko ndani ya ardhi yake. Uraniamu huzaa radiamu, na radiamu huzaa gesi ya radoni, isiyo na harufu wala rangi. Mchimbaji huivuta pamoja na vumbi, nayo inaendelea kupiga mapafu kutoka ndani. Kansa yaweza kutokea baada ya miaka 10, 20 au zaidi, wakati mtu amekwisha kuacha kazi na kurudi kijijini, na hapo nani ataihesabu na mgodi?

Katika mkataba wake na Wamarekani, Sengier aliuza uraniamu peke yake. Radiamu iliyobaki kwenye masalia iliendelea kuwa mali ya kampuni yake, kwa hiyo Wamarekani walilazimika kuyahifadhi masalia hayo. Mengine yalikaa miaka mingi katika maghala ya saruji huko Fernald, Ohio, yakitoa radoni, mpaka yalipoondolewa kwa gharama kubwa.

Mwaka 1946 Marekani ilimpa Sengier Medali ya Ustahili, yeye akiwa raia wa kwanza asiye Mwamerika kuipata. Mwaka 1949 madini mapya ya rangi ya kijani, yenye shaba na uraniamu, yaliyopatikana Luiswishi karibu na Lubumbashi, yalipewa jina la sengierite. Sengier alikufa Cannes, Ufaransa, tarehe 26 Julai 1963, akiwa na miaka 83.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 kulipa fidia wachimbaji wake wa uraniamu waliougua, na nyingine mwaka 2000 kwa wafanyakazi wa viwanda vya silaha, wakiwemo walioshika mawe ya Katanga. Sheria hizo haziwafikii watu wa Shinkolobwe.

Mashimo ya mgodi yalizibwa kwa saruji wakati wa uhuru. Watu walirudi baadaye kuchimba kobalti kwa mikono, maelfu yao, na Januari 2004 rais wa nchi akatia saini amri ya kuufunga. Julai mwaka huo huo ardhi iliporomoka na kuua watu wasiopungua 8. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliofika baadaye walipima mionzi na kuonya kwamba anayekaa pale muda mrefu anaweza kupokea kupita kiasi.